Muda wa Kubanika Nyama katika Oveni ya Kuzungusha ya Nyumbani

Kijitabu kinachokuja na oveni ya umeme yenye chuma cha kuzungushia nyama aghalabu huwa na mstari mmoja tu kuhusu kuku: kilo moja, dakika kadhaa, kilo mbili, maradufu ya dakika hizo. Mpishi huufuata mstari huo kwa uaminifu. Kengele inapolia, ngozi imekuwa ya rangi ya dhahabu, mafuta yanadondoka kwenye trei, na harufu imekwisha kuwaita watoto mezani. Paja linapovunjwa, hata hivyo, nyama iliyoshikamana na mfupa bado ina utelezi na maji yake ni mekundu. Paja hilo hurudishwa jikoni kimyakimya, kidari huliwa, na ni nadra mtu kujiuliza kama kidari nacho kilikuwa kimefikia kiwango.

Mpishi huyo hakukosea kuhesabu. Dakika zilizoandikwa kijitabuni zilipatikana kwa kuku fulani, mwenye umbo fulani, katika umeme wa nguvu fulani, naye akafanya kazi kwa kuku mwingine na umeme mwingine. Makala haya yanaeleza namna ya kukadiria muda wa kubanika nyama nyumbani, na sababu za kitabibu za kutoukubali muda huo mpaka joto la ndani ya nyama liuthibitishe.

Joto na muda hufanya kazi pamoja

Bakteria aina ya Salmonella na Campylobacter huishi katika utumbo wa kuku, mara nyingi bila kumdhuru kuku mwenyewe, na huenea kwenye nyama wakati wa kuchinja, kunyonyoa na kutoa matumbo. Joto huwaua, lakini haliwaui kwa mkupuo mmoja kama taa inavyozimwa. Kila kiwango cha joto kina muda wake. Mamlaka ya chakula ya Uingereza huhesabu kuwa nyama iliyofikia nyuzi joto 70 katikati inapaswa kukaa hapo kwa dakika 2. Kwa nyuzi 65 muda unaolingana na huo ni dakika 10, na kwa nyuzi 60 ni dakika 45. Kwa nyuzi 75 nusu dakika yatosha, na kwa nyuzi 80 ni sekunde 6 tu. (Nyuzi zote katika makala haya ni za Selsiasi.) Shirika la Afya Duniani nalo, katika mafunzo yake ya funguo tano za chakula salama, limeweka nyuzi 70 kuwa kiwango ambacho katikati ya chakula lazima ifikie.

Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa zamani ikiwapa wapishi vipimo viwili vya kuku, kimoja cha kidari na kingine cha paja. Mwaka 2006 ikaviacha, ikaweka kimoja: nyuzi 74 kwa kila sehemu ya kuku. Kipimo hicho ni chepesi kukumbuka, nacho kina akiba kidogo ya usalama. Ndicho kinachofaa kushikwa nyumbani.

Nyama ya ng’ombe, mbuzi na kondoo ina hesabu tofauti. Ndani ya mnofu wa mnyama mwenye afya bakteria ni wachache mno; walio wengi wako juu, mahali kisu na mikono vilipopita. Kwa hiyo mnofu mzima huruhusiwa kufikia nyuzi 63 na kupumzishwa dakika 3, ilhali nyama ya kusaga, ambayo juu yake imechanganywa na ndani yake, hutakiwa kufikia nyuzi 71. Hapa oveni ya kuzungusha huleta jambo ambalo vijitabu huwa havilitaji. Mnofu uliotungwa kwenye chuma si mnofu mzima tena. Chuma kilipita juu, kikachukua kilichokuwapo, kikakipeleka moja kwa moja hadi katikati, mahali joto linapofika mwisho. Meno ya uma zinazoshikilia nyama hufanya vivyo hivyo. Nyama nyekundu iliyotungwa, basi, ihesabiwe kama nyama ya kusaga na ifikishwe nyuzi 71. Walaji wengi wa Afrika Mashariki, ambao hawapendi nyama yenye damu, hawatapoteza chochote kwa sharti hilo.

Kuna pia vimelea ambavyo makazi yake ni ndani ya mnofu wenyewe. Vifuko vya tegu wa ng’ombe na vya tegu wa nguruwe hujificha humo, na hufa nyama nzima ikipita kidogo nyuzi 60. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko hai hupata tegu tumboni. Watu wengi hudhani nyama hiyo ndiyo inayoleta kifafa moja kwa moja, lakini njia ni ndefu zaidi: tegu akikomaa hutoa mayai pamoja na choo, na mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu, awe yeye mwenyewe au jirani, ndipo vifuko hujengeka mwilini, hata ubongoni. Nyama isiyoiva ya mtu mmoja inaweza hivyo kumletea kifafa mtu ambaye hakuigusa. Kimelea kingine ni Toxoplasma, kinachohofiwa katika ujauzito kwa sababu kinaweza kumfikia mtoto tumboni. Hicho hufa nyama inapofikia nyuzi 67. Mjamzito hapaswi kutegemea nyuzi 63.

Walio mezani

Mtu mzima mwenye afya akila kuku mwenye Salmonella huenda akaharisha siku kadhaa, akapata homa na maumivu ya tumbo, kisha akapona kwa maji ya chumvichumvi na mapumziko. Kwa sababu hiyo jambo hili huonekana dogo. Lakini meza ya familia haina watu wazima wenye afya peke yao. Mtoto mwenye selimundu, ambaye bandama lake limekwisha kudhoofika, hana ulinzi wa kutosha dhidi ya bakteria hao. Wakiingia kwenye damu hupenda kutua katika mifupa yake, na Salmonella ni miongoni mwa sababu kuu za maambukizi ya mifupa kwa wagonjwa wa selimundu. Mtoto mchanga, mtoto mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua malaria, mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, na mzee, wote wamo katika hatari ya bakteria kuvuka utumbo na kuingia katika damu. Njia za maambukizi ni nyingi na nyama ni mojawapo tu, lakini hii ni njia ambayo mpishi anaweza kuifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Campylobacter ana tabia yake. Dalili zake huanza siku 2 hadi 5 baada ya kula, wakati chakula chenyewe kimekwisha kusahauliwa na lawama imekwisha kuangukia kitu kingine. Kwa watu wachache huacha nyuma ugonjwa wa neva uitwao Guillain-Barré, ambao hudhoofisha miguu, kisha mikono, na wakati mwingine misuli ya kupumua.

Kukadiria muda

Joto husafiri ndani ya nyama polepole, kutoka nje kwenda katikati, na njia yake ndiyo inayoamua muda. Uzito ni kivuli tu cha njia hiyo. Kuku wa kilo 2 ana uzito maradufu ya kuku wa kilo 1, lakini unene wake haujawa maradufu. Umeongezeka kwa takriban robo. Ndiyo maana kuku wa kilo 1 akiiva kwa dakika 60, wa kilo 2 huhitaji dakika 90 hadi 95, wala si 120. Anayefuata kanuni ya maradufu atamla kuku mkubwa akiwa mkavu kama kuni. Anayeitumia kanuni hiyohiyo kwa kurudi nyuma, akachukua muda wa kuku mkubwa na kuugawa kwa mbili, atamtoa kuku mdogo akiwa mbichi. Hilo la pili ndilo lenye madhara.

Kwa mnofu uliokunjwa na kufungwa kwa uzi, kitu cha kupima ni upana wa mkunjo. Urefu hauna kazi kubwa: mkunjo wa sentimita 20 na mwingine wa sentimita 30, vyote vikiwa na upana wa sentimita 9, huiva karibu kwa wakati mmoja, ingawa mmoja una uzito zaidi ya mwingine kwa nusu. Lakini mkunjo wa upana wa sentimita 12 ukilinganishwa na wa sentimita 8, muda wake hukaribia mara mbili. Rula ya mwanafunzi ina faida jikoni kuliko mizani.

Katika oveni ya nyumbani iliyopashwa moto dakika 10 na yenye joto la karibu nyuzi 200, kuku wa kisasa wa kilo 1.2 huchukua kwa kawaida dakika 60 hadi 70. Wa kilo 1.5, dakika 70 hadi 85. Wa kilo 2, dakika 85 hadi 105. Mkunjo wa nyama ya ng’ombe wenye upana wa sentimita 10 huchukua kati ya dakika 75 na 90 kufikia nyuzi 71. Mguu wa mbuzi wa kilo 2 pamoja na mfupa wake hufikia kiwango cha usalama kwa saa moja na nusu hadi mbili, ila usalama na ulaini ni mambo mawili: mishipa na ngozi za ndani za mbuzi mkubwa hulainika tu baada ya nyama kukaa muda mrefu katika joto la juu, hivyo nusu saa ya nyongeza si hasara. Kuku wa kienyeji aliyekomaa yumo katika kundi hilohilo. Chuma cha kuzungusha hakimfai akiwa mbichi. Achemshwe kwanza mpaka alainike, kisha atungwe na kubanikwa papo hapo ili kupata rangi. Kumchemsha nusu asubuhi na kummalizia jioni ni kuwapa bakteria mchana mzima wa kuzaliana katika uvuguvugu.

Takwimu hizo zinaeleza wakati wa kuanza kupima. Kuku wa kilo 1.5 apimwe kwa mara ya kwanza katika dakika ya 65 au 70, na mlango usifunguliwe kabla ya hapo, kwa kuwa kila ukifunguliwa joto la oveni huanguka na dakika zote huanza kudanganya.

Mambo yanayoharibu hesabu

La kwanza ni barafu. Kuku aliyetolewa kwenye friza asubuhi na kuachwa juu ya meza huwa laini nje na bado ana barafu katika uvungu wa tumbo. Ngozi yake huiva kwa wakati wake wa kawaida na kumhadaa mpishi. Ayeyushwe ndani ya jokofu, juu ya bakuli la kukinga maji yake. Kuku wa kilo 1.5 huhitaji siku nzima. Kabla ya kutunga, mkono uingizwe ndani: pakihisiwa ubaridi mgumu, muda haujafika.

La pili ni umeme, na hapa vijitabu vilivyoandikwa mbali havina msaada. Nguvu ya koili hupungua kwa haraka kuliko umeme wenyewe unavyopungua. Oveni ya wati 1,500 iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipata volti 200 jioni mtaa mzima unapopika, hubakiwa na wati zipatazo 1,130, yaani robo tatu tu. Taa zitaonekana hafifu kidogo, chuma kitaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea, na nyama itahitaji dakika 20 au 30 zaidi. Huu ndio ufafanuzi wa fumbo la wapishi wengi, kwamba kuku wa mchana aliiva na wa jioni, wa uzito uleule, hakuiva.

Umeme ukikatika kabisa, uamuzi hutegemea muda. Ukirudi ndani ya robo saa na mlango haukufunguliwa, ubanikaji huendelea, na kipimajoto hukata shauri mwishoni. Dakika za kabla zisijumlishwe na za baada. Usiporudi, kuku asingojewe. Nyama iliyofikia nyuzi 40 au 45 katikati imekwisha kuwa makao mazuri ya bakteria kuliko ilivyokuwa ikiwa mbichi na baridi. Akatwe vipande na kumaliziwa mara moja kwenye jiko la gesi au la mkaa, kwa kukaanga au kuchemsha mchuzi. Aliyekaa katika uvuguvugu zaidi ya saa 2 hatakaswi na moto wa baadaye, maana baadhi ya sumu za bakteria hustahimili kuchemshwa. Kumtupa kuku mzima kunauma, hasa mwisho wa mwezi. Hata hivyo, gharama ya kulazwa mtoto mmoja kwa siku mbili huzidi bei yake.

La tatu ni utungaji. Kuku asiyetungwa katikati huinamia upande mmoja kila chuma kinapozunguka, mota hulemewa, na pengine husimama bila mpishi kujua. Upande mmoja huungua, mwingine hubaki. Mabawa na miguu ifungwe kwa uzi wa pamba, kisha chuma kizungushwe kwa mkono mara mbili tatu kabla ya kuwasha. Ubawa unaogusa koili utaungua kwanza, na moshi wake utamfanya mpishi aamini kuwa kuku wote yuko tayari. Nyama iliyoungua hadi kuwa nyeusi haina haja ya kuliwa kwa vyovyote: joto kali na moshi wa mafuta yanayoungua huzalisha kemikali zinazohusishwa na saratani.

Wapishi wa pwani wanaomjaza kuku wali au mayai wakumbuke kuwa kilichojazwa ndicho kinachopata joto mwisho, na ndicho kilichofyonza maji ya nyama mbichi. Nacho lazima kifikie nyuzi 74.

Kupima

Kipimajoto cha nyama chenye sindano kinapatikana katika maduka ya vyombo vya jikoni. Kile cha kupimia homa hakifai. Huishia nyuzi 42 au 43, na cha kioo kitapasuka. Sindano ichomwe mahali penye mnofu mnene zaidi wa paja, upande wa ndani, isiguse mfupa wala chuma cha kuzungushia. Chuma hicho hupata joto kutoka ncha zake mbili, na sindano ikikigusa husoma joto la chuma. Kisha kidari kipimwe, mahali panapokaribia shingo. Kidari kinaweza kusoma 78 wakati paja linasoma 68. Hapo kuku hurudi kuzunguka dakika 10, apimwe tena. Sindano huoshwa kwa sabuni baina ya kipimo na kipimo, jambo linalosahauliwa na karibu kila mtu.

Kipimajoto chenyewe nacho hukaguliwa. Kikitiwa katika bilauri iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo, kisome sifuri. Kukikagua kwa maji yanayochemka kunafaa Dar es Salaam au Mtwara, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 100. Mbeya, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na mpishi wa huko angeweza kukilaumu kipimajoto kizima bure.

Rangi ni shahidi dhaifu. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na umri wa wiki chache, mifupa yake ikiwa bado na vinyweleo, na uboho mwekundu huvuja hadi kwenye nyama hata iliyoiva barabara, hasa akiwa aligandishwa. Kwa upande mwingine, nyama ya kusaga inaweza kugeuka kahawia kabla ya kufikia nyuzi 71. Nyumba isiyo na kipimajoto itazame mambo kadhaa kwa pamoja: kifundo cha paja kinachezacheza bila kushikilia, nyama karibu na mfupa imeacha kung’aa kama kioo na inaachana nao, na maji yanayotoka paja likichomwa kwa kina hayana wekundu. Likikosekana moja kati ya hayo, dakika 15 ziongezwe bila mjadala.

Ndimu, maji na kiporo

Ndimu huifanya nyama kuwa nyeupe kwa juu, na wapo wanaosadiki kuwa imekwisha kuipika. Asidi yake hugeuza protini za juu tu. Bakteria walio chini yake, na hata wengi walio juu, hubaki hai. Tangawizi na kitunguu saumu havina uwezo huo pia. Rojo la viungo lililorowekea kuku mbichi lisipakwe juu ya nyama katika dakika za mwisho. Litengwe jingine mapema, au hilo lichemshwe kwanza. Kumwosha kuku chini ya bomba, desturi iliyokita mizizi, hutawanya matone yenye bakteria kwenye sinki, kachumbari na nguo za mpishi, wala hakupunguzi kazi ya moto. Asiyeweza kuiacha atumie bakuli lenye maji yaliyotulia, amwage polepole, na asafishe sinki kwa sabuni.

Nyama ikitolewa hupumzishwa dakika 10 hadi 15 juu ya ubao safi, usio ule iliyokatiwa ikiwa mbichi, ili maji yake yatulie. Huanzia hapo saa nyingine kuhesabiwa. Katika joto la kawaida la chumba isikae zaidi ya saa 2. Hewa ikizidi nyuzi 32, kama ilivyo mchana mwingi wa Januari hadi Machi katika mwambao, saa 1. Mfano unaorudi kila mwaka ni wa mwezi wa Ramadhani: kuku hubanikwa alasiri, huliwa wakati wa futari, na nusu yake hufunikwa kwa kawa mezani kusubiri daku. Mbegu za Clostridium perfringens hustahimili kubanikwa, na zikipata saa nane za uvuguvugu huchipua na kuongezeka. Mlaji huamka na tumbo la kuharisha akiwa katika saumu, bila ruhusa ya kunywa maji mpaka aifungue. Nusu hiyo ichambuliwe kutoka mifupani mara baada ya futari, itandazwe katika chombo kipana ili ipoe upesi, iingie jokofuni, na wakati wa daku ipashwe moto mpaka mvuke utoke katikati, nyuzi 74 kama mara ya kwanza. Isitumie oveni ya kuzungusha kwa kazi hiyo. Sufuria yenye mchuzi kidogo na mfuniko hufanya upesi zaidi, na nyama haikauki.